Picha za simu katika somo la afya ya jamii

Swali: Nafundisha afya ya jamii katika shule ya wauguzi hapa Goma. Nataka wanafunzi wapige picha mtaani kwa simu zao wakati wa stazhi (mafunzo ya vitendo), lakini naogopa picha zitaishia kupamba ripoti. Nifanyeje? Na ruhusa je?

Jibu: Mwalimu, hofu yako ina msingi. Njia hii ya kupiga picha na kuzijadili, iitwayo photovoice, ilibuniwa na Caroline Wang na Mary Ann Burris, waliowapa kamera wanawake wa vijijini huko Yunnan, China, miaka ya 1990, kisha wakaketi nao kuzungumzia walichopiga. Mazungumzo ndiyo somo lenyewe. Kila mwanafunzi achague picha moja tu, na darasa liulize: Tunaona nini? Hasa kinachotokea ni nini? Kinatuhusu vipi? Kwa nini hali iko hivi? Tufanye nini?

Kaeni sana kwenye "kwa nini". Tuseme kuna picha ya choo kilichofurika, kimejengwa juu ya mawe ya volkano. Mwanafunzi ataandika upesi: "Uchafu, watu hawajaelimishwa." Muulize shimo lina kina gani. Lava iliyoganda haichimbiki kwa jembe. Kuivunja kunataka nguvu na pesa, basi shimo huwa fupi na hujaa mapema. Mwenye choo si mzembe, na kumhubiria usafi hakutamsaidia. Hapo mwanafunzi ataanza kufikiria choo cha kuinuliwa, nani atakizoa, na kwa pesa ya nani. Vilevile bidoni (dumu) la maji la manjano kando ya ziwa: lina kifuniko? Ndani kuna ukoga? Maji yametiwa klorini? Kipindupindu hupitia humo.

Kuhusu ruhusa, anzia kwa muuguzi mkuu wa kituo cha afya, shefu wa kartie (mtaa) na mkuu wa nyumba kumi. Mwenye kupigwa aombwe kabla simu haijainuliwa, aombwe tena akishaiona picha. Kwa mtoto, mzazi ndiye wa kuombwa. Mgonjwa kitandani asipigwe hata akikubali, maana ni vigumu kumkatalia mtu aliyevaa blauzi nyeupe ya kazi ya uuguzi. Mimi napendelea vitu na mikono kuliko nyuso. Zimeni kirekodi cha mahali kwenye kamera, na picha yoyote isiwekwe WhatsApp. Askari, vizuizi, mpaka na uwanja wa ndege, kabisa msielekeze simu huko.

Alama toa kwa maelezo, si kwa uzuri wa picha. Na kabla ripoti haijafungwa, rudini mtaani mkawasomee wenyewe maelezo hayo, wayasahihishe.