Maswali na Majibu: Nisiye na dawati la habari, mawazo nitayatoa wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimemaliza stashahada ya uanahabari na naishi Kisauni, Mombasa. Nataka kuandika kwa kujitegemea, lakini nikimtumia mhariri pendekezo hunyamaza, au hunijibu, "Hii ni mada tu." Nimeshapendekeza dawa za kulevya kwa vijana, ukosefu wa ajira na kudorora kwa utalii. Wenzangu walioajiriwa hupangiwa kazi. Mimi nitayatoa wapi mawazo?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mhariri amekwambia kweli, ingawa amekukatia maneno. "Dawa za kulevya kwa vijana" inaweza kuandikwa na mtu aliyeketi Nairobi asiyewahi kufika Kisauni. Wewe una kitu ambacho yeye hana: uko hapo. Anza na swali usilojua jibu lake, linalomgusa mtu unayeweza kumfikia kwa miguu au kwa matatu.

Tufuate mfano mmoja. Kusi likivuma, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, bahari huchafuka na wavuvi wengi wa vyombo vidogo hawatoki. Kila mtu wa Pwani anajua hilo, kwa hiyo bado hujapata habari. Nenda bandari ya samaki asubuhi vyombo vinaporudi. Usiulize kitu kwanza, tazama mizani. Utamwona tajiri, yule aliyemkopesha mvuvi nyavu au mashine, akichagua wa kwanza: changu wakubwa, nguru, pweza. Mama karanga, wale wanawake wanaokaanga samaki na kuwauza mtaani, wako pembeni na mabeseni yao, na wanachoachiwa mara nyingi ni wale wadogo wadogo. Hapo maswali yatajileta yenyewe. Mvuvi akishakopa, bei ya samaki wake hupangwa na nani? Mama karanga akitoka bandarini mikono mitupu, hununua wa barafu kwa nani, kwa shilingi ngapi kilo? Jioni, kipande kinachokaangwa mtaani kimepanda bei, au kimepungua ukubwa? Kila swali hapo lina mtu wa kuulizwa na kitu cha kuhesabiwa. Lile la deni la mvuvi kwa tajiri peke yake ni makala nzima. Pendekezo kama hilo litume Machi, kabla upepo haujageuka.

Hata mada zako za awali zinaokoleka kwa njia hiyo. Methadoni, dawa ya kumtoa mtu kwenye heroini, kwa kawaida hunywewa kliniki kila siku mbele ya mhudumu. Basi uliza: anayeishi kwa vibarua, na vibarua huchukuliwa alfajiri, anaifikiaje kliniki bila kukosa kazi? Ukipata watu wawili watatu waliokubali kukusimulia, tena ukayaficha majina yao wakitaka, hiyo si mada tena.

Chanzo kingine ni karatasi, na nasikitika vijana wanavyoziogopa. Gazeti rasmi la serikali hutoka kila Ijumaa, na ndani yake mna matangazo ya ardhi, leseni na uteuzi. Katiba inamtaka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu atoe ripoti ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha, yaani kufikia tarehe 31 Desemba. Fungua ya Kaunti ya Mombasa, tafuta mradi uliolipiwa ambao wakaguzi waliukuta umekwama au hautumiki, kisha nenda ukasimame mbele yake na simu yako. Karatasi usiyoipata, iombe. Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 zinampa raia haki hiyo. Ofisi ina siku 21 za kukujibu, nawe huna haja ya kueleza unaitakia nini. Wakikunyima, ofisi ya Ombudsman, mtetezi wa wananchi dhidi ya ofisi za umma, hupokea malalamiko.

Usidharau pia habari za zamani ambazo hazikufungwa. Mtaa wa Owino Uhuru, Changamwe, wakazi walidhurika kwa madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Uamuzi ukatenguliwa kwenye rufaa, na Mahakama ya Juu ikaurejesha mwishoni mwa 2024. Siku za hukumu waandishi hujaa. Anayerudi miezi kadhaa baadaye kuuliza nani amelipwa, na udongo umesafishwa kiasi gani, mara nyingi huwa peke yake, na wakazi huwa na mengi ya kumwambia.

Ukimwandikia mhariri, aya moja inatosha: nini kinatokea, kinamgusa nani, umeshazungumza na nani, na kwa nini sasa. Taja unaweza kukabidhi lini na kama una picha. Kama kuna mtu unayemtuhumu, mweleze mhariri utampataje ajibu, maana bila hilo hataigusa. Wiki ikipita kimya, mkumbushe mara moja. Akizidi kunyamaza, mjulishe kwamba unaipeleka kwingine, uipeleke.