Mshipi mrefu haufikishi chambo kwa sangara

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Nina boti ya faiba ya mita saba yenye mashine ya uwezo wa farasi 40, nami huvua sangara kwa kukokota chambo bandia kati ya visiwa vya Ukerewe na Ukara, Ziwa Viktoria. Kifaa changu cha kupima kina kinanionyesha samaki kwenye mita 12, lakini boksi la chambo linasema kinazama mita sita tu. Kwa hiyo huachia mshipi wa mita 120 ili kishuke zaidi, na nisipopata kitu huongeza mwendo. Mwaloni, pale boti zinapotia samaki nchi kavu, kuna kijana anauza mafuta ya kupaka chambo, naye anasema wanaopata samaki wanapata kwa hayo. Je, niongeze mshipi, niongeze mwendo au ninunue mafuta? (Msomaji, Nansio)

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Usiongeze mshipi, usiongeze mwendo, na mafuta hayo mwachie mwenyewe anayeyauza. Swali lako hunijia mara nyingi kuliko jingine lolote, na karibu kila mara limebeba dhana ileile, kwamba mshipi ukirefushwa mara mbili chambo nacho kitashuka mara mbili. Dhana hiyo ni sahihi kwa mtu aliyetia nanga akashusha chubwi, yaani kizito cha kuzamisha mshipi, wima. Boti ikishaanza kutembea, hesabu hiyo haifanyi kazi tena.

Chambo chenye mdomo wa plastiki huzama kwa sababu maji yanayoupiga mdomo ule hukisukuma chini. Mshipi nao unapambana na maji kwa urefu wake wote uliozama, na ukinzani huo hukivuta chambo nyuma na juu. Mwanzoni mdomo hushinda. Kadiri unavyoachia, ukinzani wa mshipi huongezeka hadi nguvu hizo mbili zinalingana, na kuanzia hapo chambo hakishuki tena hata ukimaliza mshipi wote. Kwa vyambo vingi vya aina yako, sehemu kubwa ya kina hupatikana katika mita 30 hadi 50 za mwanzo. Mita 70 unazoongeza baada ya hapo zinakutia hasara tu: hujui chambo kiko wapi, nailoni inanyumbuka kiasi kwamba ndoana haizami kwenye taya gumu la sangara, na ukikata kona karibu na nyavu za watu unazizoa.

Kinachobadilisha kina kwa kweli ni ukubwa wa mdomo wa chambo na unene wa mshipi. Ukiacha nailoni nene ukatumia mshipi wa kusuka ulio mwembamba lakini wenye nguvu ileile, chambo kilekile kitashuka zaidi kwa urefu uleule. Ndiyo maana namba iliyoandikwa kwenye boksi isichukuliwe kama ahadi, kwa kuwa imepatikana kwa mshipi wa unene fulani ulioachiwa urefu fulani, na huenda wako haufanani nao hata kidogo.

Njia ya kuaminika ni kupima mwenyewe. Tafuta mahali penye mchanga unaoteremka polepole, pasipo na miamba wala nyavu. Achia mita 40, funga kipande cha uzi mwekundu kwenye mshipi ili upate urefu huohuo kila siku, kisha kokota kutoka kwenye maji ya kina kuelekea nchi kavu kwa mwendo wako wa kawaida. Chambo kinapofanya kazi, ncha ya fimbo ya kuvulia hutetemeka mfululizo kwa mtetemo mdogo usiobadilika. Kitakapogusa mchanga, mtetemo huo utakatika na ncha itaanza kugonga kwa vishindo. Usikimbilie kusoma kina cha wakati huo, maana chambo kiko nyuma yako. Soma kile ulichokiona takriban nusu dakika kabla, ulipopita pale kilipo chambo sasa. Kina hicho ndicho kina cha chambo chako, kwa mshipi wako na kwa mwendo wako. Rudia kwa kila chambo ulichonacho, uandike.

Kuhusu mwendo, kwa sangara kilomita nne hadi sita kwa saa zinatosha. Chambo cha mdomo hakishuki zaidi kwa sababu umekimbiza boti; ukipita kiasi kinalala ubavu, kinazunguka na kupanda juu. Chambo kinachozamishwa kwa chubwi ndicho kibaya zaidi, kwa kuwa kila unapoongeza mwendo kinapanda. Mashine ya farasi 40 huenda isikupe mwendo mdogo unaotakiwa hata ikiwa imepunguzwa kabisa, na hapo funga ndoo moja kila upande ili zikuvute nyuma. Tena, mwendo unaosomwa kwa setilaiti ni wa boti juu ya ardhi, wakati chambo kinahisi mwendo wa maji. Ukienda na mkondo namba ileile humaanisha chambo kinachosinzia, na ukienda kinyume cha mkondo kinakimbia. Iamini ncha ya fimbo kuliko namba. Ikiacha kutetemeka, chambo kimezoa magugu maji. Kivute ukisafishe, usiendelee kukokota majani kwa saa nzima ukilaumu bahati.

Sasa hao samaki wa mita 12. Kwanza, si kila alama ni sangara, kwani dagaa, uduvi na hata mabuu ya wale wadudu wanaopaa juu ya ziwa kama moshi hutoa alama nene zinazompendeza mtu mwenye haraka. Pili, sangara huwinda zaidi kwa macho, na ni rahisi kwake kupanda kufuata kitu kinachopita juu yake kuliko kukitafuta kilichopita chini. Chambo kinachopita kwenye mita nane au tisa juu ya sangara wa mita 12 kiko mahali pazuri kuliko kinachoburuzwa chini ya tumbo lake. Tafuta basi chambo chenye mdomo mkubwa zaidi, au kilekile ulichonacho ukipitishe pembezoni mwa miamba asubuhi na jioni, sangara anapopanda. Tatu, kati ya Septemba na Mei maji ya chini ya ziwa, hasa kwenye vilindi, hukosa oksijeni kwa kuwa hayachanganyiki na ya juu hadi upepo wa katikati ya mwaka uyakoroge. Sangara anahitaji oksijeni nyingi, hivyo katika miezi hiyo kushusha chambo hadi sakafuni mwa kilindi ni kukipeleka mahali asipokaa.

Nimeacha mafuta mwisho kwa makusudi, kwa sababu yananikera. Kwa kilomita tano kwa saa, chambo chako kinasafiri zaidi ya mita 80 kila dakika. Maji yanakiosha muda wote, na harufu yoyote iliyobaki inabaki nyuma, chambo kikiwa kimeshapita. Sangara huamua kushambulia kwa kufumba na kufumbua, akiongozwa na umbo, mng'ao na mtikisiko. Anayekwambia waliopata walipaka, muulize waliopata walikuwa kwenye kina gani na mwendo gani, kisha muulize wangapi walipaka na hawakupata. Hatakuwa na jibu, lakini atakuwa na chupa kubwa zaidi ya kukuuzia.

Hasara ya fedha si kubwa sana. Linalonitia hofu ni chupa isiyo na lebo kuzoeleka mwaloni, kwa kuwa leo inapakwa kwenye chambo na kesho anatokea mwingine mwenye chupa ya kumwaga majini. Ziwa hili limewahi kulipia mchezo huo: mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Viktoria kwa hofu ya sumu za kilimo zilizotumiwa kuvulia, na mvuvi wa ndoana ambaye hakuwahi kushika sumu alikosa mnunuzi sawasawa na aliyeimwaga. Vivyo hivyo kwa wanaokushauri ubadili ndoana uchukue kokoro, ule wavu wa kukokota, kwa kuwa "ni haraka": ni haramu, na linazoa vichanga ambao wangekuwa sangara wako baadaye. Kwa ndoana unaweza kumrudisha majini akiwa hai yule asiyefika sentimita 50, hasa akiwa ametoka maji ya kina kifupi.

Kama ulishanunua mafuta hayo, usiyamwage ziwani wala kwenye mtaro unaoelekea ziwani. Yapeleke yalivyo kwa ofisa uvuvi au viongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za uvuvi) wa mwalo wako, uwaambie yalikouzwa, na waulize kama wanajua kilichomo.