Maswali ya Wasomaji: Bima ya Nyumba

Nyumba yangu iko Chumbageni, Tanga, ya matofali na bati. Kiwanja na ujenzi vilinigharimu milioni 45 mwaka 2009. Wakala anataka niikatie bima ya milioni 90. Naona ananiongezea ada tu. Milioni 45 si zinatosha?

Hazitoshi, mama, na ubaya wake utauona hata kwa hasara ndogo. Bima haiangalii ulichotumia mwaka 2009 wala bei ya kuuzia. Inaangalia gharama ya kuijenga upya leo: saruji, nondo, mbao, bati, ufundi, hata kubomoa na kuzoa kifusi. Kiwanja kitoe kwenye hesabu, maana moto hauli ardhi.

Tuseme kujenga upya ni milioni 90 nawe umekatia milioni 45. Moto ukianzia jikoni ukaharibu sehemu ya nyumba yenye gharama ya milioni 20, kampuni itasema umekatia nusu, itakulipa nusu: milioni 10. Hapo bado haijatoa kile kiasi cha kwanza ambacho mkataba unataka ukibebe mwenyewe. Kwa mfano wa kiwango cha asilimia 0.2, ada ya milioni 90 ni shilingi 180,000 kwa mwaka kabla ya VAT, na ya milioni 45 ni 90,000. Umeokoa 90,000, umepoteza milioni 10.

Mwite mkadiriaji majengo apime mita za mraba na kuzidisha kwa gharama za ujenzi za Tanga ya sasa. Ukuta wa uzio, choo cha nje, tangi na sola vitajwe kimoja kimoja. Hesabu hiyo irudiwe kila baada ya miaka miwili, kwani bei za vifaa hazikai.

Ukitaka ada ishuke, kubali kubeba kiasi kikubwa zaidi cha kwanza, na mwite fundi umeme mwenye leseni abadilishe nyaya chakavu, kisha umpe wakala cheti chake. Banda la makuti lililogusana na nyumba hupandisha ada. Likihamishwa mbali, omba nyumba ikadiriwe upya. Lakini kwenye fomu usifiche kitu. Kama vyumba vya uani umepangisha, au nyumba hukaa tupu zaidi ya siku 30, andika. Ukificha, dai lako linaweza kukataliwa lote, na hilo huumiza kuliko ada yoyote.

Upepo uling'oa bati zangu Raskazone. Kampuni imekataa kulipa, inasema ni kutu. Nifanyeje?

Dhoruba hulipwa ikiwa imo kwenye mkataba. Kutu na uchakavu havilipwi, na chumvi ya bahari hula bati mapema. Mkadiriaji wa hasara huangalia matundu ya misumari. Bati likiwa zima na msumari umechomoka na kipande cha mbao, huo ni upepo. Tundu likiwa limepanuka, kingo zake nyembamba za rangi ya kahawia, atasema kutu.

Usizitupe bati zilizong'oka, wala usimpe mnunuzi wa vyuma chakavu. Zipige picha kwa karibu, pamoja na mbao. Itake kampuni ikuandikie barua ya kukataa inayotaja kifungu cha mkataba. Kama hamkuelewana, peleka barua hiyo, nakala ya mkataba na picha kwa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.