f(x − 3) ina minasi, mbona inaenda kulia?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Niko S5 (kidato cha tano) huku Mbale, Uganda, grafu zinanitesa. y = f(x) + 3 inapanda juu, hiyo sawa, lakini f(x − 3) ndo inaenda kulia, kivipi? Na f(2x − 6) nisogeze 6 ama 3?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hapo wengi wanakwama, hata mimi nilikariri tu "ndani ya mabano ni kinyume" na nikapita mitihani nayo, siku naanza kufundisha mtoto mmoja akaniuliza kwa nini, nikabaki nimeshika chaki.

Sasa weka x pembeni kidogo. Basi la Kampala kwenda Gulu linatoka saa moja asubuhi, wewe unachora limetembea kilomita ngapi, mhimili wa chini ni masaa. La pili linatoka saa nne, spidi ile ile, linasimama Karuma dakika zile zile. Saa tano la pili liko wapi? Liko pale la kwanza lilipokuwa saa mbili. Yaani unachukua saa uliyo nayo, unatoa 3, unaenda kusoma kwenye grafu ya la kwanza, na hiyo ndo f(x − 3) yenyewe. Grafu ya la pili ni ile ile ila imechelewa masaa matatu, na kwenye grafu kuchelewa ni kwenda kulia. Minasi inakwambia tu ukasome saa gani.

Ya nje ya mabano haina shida kwa sababu inagusa jibu likishatoka: +3 inapandisha, 2f(x) inavuta urefu mara mbili, basi.

Haya f(2x − 6), hapa ndo marks zinapotea. Chukua f(x) = x², nukta (2, 4). Ili nukta hiyo hiyo itoke, 2x − 6 lazima iwe 2, kwa hiyo x = 4. Njia ziko mbili: sogeza 6 kulia halafu gawa kwa mbili, 2 inakuwa 8, inakuwa 4. Ama gawa kwanza, 2 inakuwa 1, halafu sogeza 3, unafika 4 vilevile. Lakini ukigawa kwanza ukasogeza 6 unaangukia 7, na ukiweka 7 unapata 8², yaani 64, umeshapotea. Mimi napenda kuandika f(2(x − 3)) kabla sijagusa penseli, hapo 3 unaiona kwa macho.

Na ukifanya mazoezi ya f(−x) usitumie x², haibadiliki chochote utadhani umekosea. x³ nayo inadanganya, f(−x) na −f(x) zinatoa mchoro mmoja. Tumia 2ˣ: f(−x) inageuka kushoto kwa kulia, −f(x) inazama chini ya mhimili wa x.