Nilihama chuo na kozi nikiwa mwaka wa pili: angalia haya kabla hujaaga

Mdogo wangu uliyeuliza kama uache ualimu wa hisabati mwaka wa pili ukasome takwimu chuo kingine, huku mzee anasema "maliza kwanza hicho": nimepita hapohapo, kozi hizohizo. Nilihama na sijutii. Ila nilihama kwa pupa, ikanigharimu mwaka, na sitaki ikukute wewe.

Jua kwanza kinachohama. Kwa utaratibu wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, na shahada ya miaka 3 haipungui krediti 360, yaani kama 120 kwa mwaka. Nilikuwa nimefaulu yote bila sapu (mtihani wa marudio), nikaamini naondoka na 120 zangu. Chuo kipya kikayapitia masomo yangu moja baada ya jingine. Kalkulasi ikapita, aljebra ikapita, stadi za mawasiliano ikapita. Saikolojia ya elimu, mbinu za kufundishia na jiografia yote vikabaki kwenye transkripti (hati ya matokeo), kule havina kazi.

Na hayo ya hesabu nayo nusura yakwame. Transkripti inaonyesha vitu kama msimbo wa somo, jina na gredi tu, wakati anayekupokea anataka kujua ulifundishwa nini hasa. Wakataka maelezo ya kila kozi yenye mhuri wa idara. Nikarudi chuo cha zamani, siku tatu naambiwa mhusika hayupo. Siku ya nne mama mmoja wa masjala, hanijui wala simjui, akashusha faili kabatini, akakaa anagonga mhuri ukurasa kwa ukurasa mpaka saa kumi na moja jioni, wenzake wameshafunga ofisi. Pedi ikikauka anaongeza wino, anaendelea. Bahasha ile ya kaki ninayo mpaka leo. Wewe zichukue karatasi hizo sasa hivi, ukiwa bado una kitambulisho cha chuo.

Kwenye mkopo ndiko nilikoumia zaidi. Nilianza kuingia darasani kule nikijua boom, ile pesa ya kujikimu ya mkopo, litanifuata. Halikuja. Uhamisho lazima uidhinishwe TCU, kisha mkopo nao uhamishwe Bodi ya Mikopo, na mimi nilikuwa nimechelewa dirisha la maombi. Muhula mzima dada yangu alinilisha kwa biashara yake ya vitenge. Kwa hiyo nenda kwa afisa mikopo wa vyuo vyote viwili kabla hujafungasha. Na kumbuka, pesa ya mwaka wa kwanza ni deni hata kama somo lake halikuhama. Ukiajiriwa unakatwa 15% ya mshahara wa msingi kulipa deni lote, hiyo ya mwaka wa kwanza ikiwemo.

Kuhusu mzee, usibishane naye kwa maneno. Baba yangu alininunia wiki mbili. Nilipompelekea karatasi yenye masomo yaliyokubaliwa, ada iliyobaki na mwaka wa kumaliza, aliisoma taratibu, kidole kikashuka mpaka kwenye ule mwaka, akauliza, "Hapa una uhakika?" Nikamwambia ndiyo. Akaikunja, akaitia mfuko wa shati.

Weka hapa masomo yako ya mwaka wa kwanza nikwambie yapi yalipita kwangu.