Barua ya hakimiliki imenifikia, na mimi sijapakua filamu

SWALI: Ndugu mhariri, jambo. Nauza wifi kwa tiketi hapa Katuba, Lubumbashi. Nina antena moja ya setilaiti na ruta ya MikroTik. Juzi kampuni inayonipa intaneti imeniletea barua pepe ya Kiingereza: eti laini yangu imesambaza filamu bila ruhusa, na ikirudiwa watanikatia. Wananipeleleza? Na aliyefanya nitamjuaje? — Mwenye tiketi

JIBU: Kampuni yako haikukupeleleza, imeletewa tu taarifa. Kuna mawakala wanaolipwa na wenye filamu kuingia kwenye torenti, njia ya watu kugawiana faili wao kwa wao, kama wapakuaji wengine. Kwenye torenti, anayepokea vipande vya faili huvigawa papo hapo kwa wenzake, na anwani yake ya IP, yaani namba ya laini yake kwenye intaneti, huonekana na wote waliomo. Wakala ananakili anwani, namba ya poti (mlango ambao programu inapitia kwenye anwani hiyo), saa, na alama ya faili, mara nyingi ya herufi na tarakimu 40. Kampuni ikiandikiwa, inatafuta akaunti iliyokuwa na anwani hiyo saa hiyo. Jina inaloliona ni lako peke yake, hata kama nyuma yako kuna kartiye nzima. Anayetazama filamu ya wizi kwenye tovuti tu kwa kawaida haandikiwi hivi, kwa sababu hagawi.

Isome tena. Barua ya kweli huwa na vitu hivyo. Ikikudai faini kwa M-Pesa, ifute. Muuza intaneti hana mamlaka ya kutoza faini. Ikikosa poti, ihoji: kampuni nyingi za simu na setilaiti huwapa wateja wengi anwani moja ya nje. Ruta yako ikionyesha upande wa nje anwani kati ya 100.64 na 100.127, nawe umo miongoni mwa hao.

Halafu saa, ambayo huwaponza wengi. Barua kwa kawaida huandikwa kwa saa za UTC, saa ya kimataifa, na Lubumbashi iko mbele kwa saa mbili. 19:42 ya barua ni 21:42 kwetu, saa tatu na dakika 42 usiku. Ukisahau hilo utamfokea mteja wa saa moja na dakika 42, ambaye alikuwa akimpigia mama yake WhatsApp.

Ruta nyingi ndogo za MikroTik hazina betri ya saa. SNEL ikikata umeme, ruta huwaka bila kujua ni saa ngapi. Washa NTP Client, inayochukua saa sahihi kwenye intaneti, kwenye menyu ya System, na eneo la saa liwe Africa/Lubumbashi. Kumbukumbu nazo hukaa kwenye RAM, kwa kawaida mistari 1000, na hufutika umeme ukienda. Zielekeze kwenye kompyuta kuukuu kwa syslog (njia ya kutuma kumbukumbu kwenye mashine nyingine), poti 514 ya UDP, mojawapo ya njia za kusafirisha data. Tunza tiketi iliyoingia, saa ya kuingia na kutoka, na anwani ya ndani iliyopewa. Tovuti wanazotembelea watu usizitunze, hazikuhusu.

Tiketi kumi zikiwa hewani kwa wakati mmoja, fungua menyu ya ruta: IP, Firewall, Connections. Mteja wa kawaida ana miunganisho ya makumi. Wa torenti anaweza kuwa na mamia, mingi ya UDP kwenye poti za juu, na anachotuma kinakaribia anachopokea.

Utaambiwa ufunge poti 6881 hadi 6889. Ni kazi bure, programu za siku hizi huchagua poti yoyote. Anza na kikomo cha miunganisho 100 kwa kila anwani, zima UPnP (inayoruhusu programu kujifungulia poti), punguza kasi ya kutuma, na uza kwa megabaiti badala ya kwa siku. Megabaiti zinazotumwa zikihesabiwa pia, torenti itammalizia mwenyewe tiketi yake.

Kukatiwa kunawezekana, na mara nyingi kutatokana na mkataba uliokubali. Sheria ya Marekani ya 1998 inamtaka mtoa intaneti anayetaka kukingwa na kesi awe na utaratibu wa kuwaondoa wanaorudia. Mwaka 2019 baraza la wazee wa mahakama kule Virginia liliiamuru kampuni ya intaneti ya Cox, iliyoshtakiwa kwa makosa ya wateja wake, ilipe dola bilioni 1. Mahakama ya rufaa ilifuta kiasi hicho mwaka 2024, lakini woga ulikwisha kuwaingia watoa intaneti. Ufaransa ilitaka kukatia watu moja kwa moja, Baraza la Katiba likakataa Juni 2009, likisema chombo kisicho mahakama hakina ruhusa hiyo. Naona walikuwa na haki. Kwetu Kongo, sheria ya hakimiliki ya 5 Aprili 1986 inamtafuta aliyevunja haki, basi ijibu kampuni kwa maandishi: unauza tiketi, umeweka vikomo gani, tangu lini. Kwanza soma kama mkataba unakuruhusu kuuza tena. Mingi ya nyumbani inakataza, na hapo jibu lako litakuwa limekushtaki.

SWALI: VPN itanikinga? — Mwanafunzi, Kampemba

JIBU: VPN hupitisha intaneti yako kwenye kompyuta ya mbali. Itaficha anwani yako, haitahalalisha filamu. Inakula megabaiti za ziada, na mtandao ukiyumba inaweza kukatika kimya huku torenti ikiendelea kwa anwani yako halisi.