Gazeti la mji wa barafuni linaandika nini?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mpwa wangu kanionyesha kwenye simu eti huko Norwe, karibu na ncha ya kaskazini, kuna mji mdogo una gazeti lake wenyewe. Sisi huku bei ya korosho ya mnadani tunaisoma kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani pale AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima. Wao wanaandika nini, theluji?
Msomaji, Newala

JIBU: Marahaba. Ni kweli kabisa, mji ni Longyearbyen, visiwa vya Svalbard, watu kama 2,500 tu, na gazeti ni Svalbardposten, lipo tangu 1948 enzi za wachimba makaa ya mawe. Theluji inaandikwa ndiyo, maana mwaka 2015 maporomoko yake yalifukia nyumba mjini na watu wawili wakafa, sasa hapo utasema sio habari? Halafu kuna dubu weupe, nyumba za kupanga zilivyo adimu, na toka mwisho wa Oktoba mpaka katikati ya Februari jua halichomozi kabisa, watu wanahitaji cha kusoma jamani.

Na Greenland, kisiwa kingine cha barafu huko kaskazini, ndo usiseme, gazeti la Atuagagdliutit lilianza 1861 kwa lugha yao wenyewe, Msimulizi la Kiswahili pale Zanzibar likaja 1888.

Hiyo karatasi ya AMCOS mi naiheshimu, ila inakupa bei tu. Ukiuliza makato yameendaje, ukuta haujibu, mwandishi wa hapohapo Newala angeenda kuuliza.